Dobi Aliyesema Usimlete

Kwenye chombo kile cha anga hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia nahodha hadi mpishi, wote walimwita Dobi. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma kabisa, ubavuni mwa mitambo, kwa sababu mashine zake za kufulia zilitumia joto la mitambo hiyo. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, mcheshi, mwenye mdomo. Ukimpelekea shati lenye doa la mchuzi, alikuwa akilinyanyua juu mbele za watu na kuuliza, "Haya, nani alikula hapa, wewe au shati?"

Mumewe alikuwa fundi wa mitambo. Walijuana humo humo, ukuta mmoja ukiwa katikati yao. Fundi alikuja kulalamika kwamba mashine za kufulia zinamwibia joto, akaondoka na suruali iliyopigwa pasi, na aliporudi kesho yake alikuwa amesahau kabisa kilichomleta. Walipooana, fundi akamchukua na mama yake, maana safari za chombo kile cha mizigo zilichukua miaka, na mzee hakuwa na mtu mwingine. Bi Mkubwa, kama mabaharia walivyomwita, alipewa cherehani na kiti katika chumba cha Dobi. Mtu na mkwewe wakawa wanashinda pamoja, wanagombania mkasi asubuhi na kusengenya watu mchana.

Kisha bomba la mvuke likapasuka, na fundi alikuwa amesimama mbele yake. Daktari alifanya kila alichojua, hakufua dafu. Huko angani hakuna udongo wa kumlaza mtu. Dobi alimfunga mumewe kwa shuka aliyoifua na kuinyoosha kwa mkono wake, wakamtoa kwa mlango wa nyuma, mlango ule ule wa kutolea takataka, kwa kuwa chombo hakikuwa na mwingine. Jambo hilo lilimkaa Dobi kooni. Masihara yakamtoka. Alifua, akakausha, akakunja. Bi Mkubwa alishona. Marehemu hawakumtaja, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Walikuwa mbali na kituo chochote siku chombo kiliposimama. Mitambo ilinguruma kama kawaida, lakini hawakusogea hata kidogo. Rubani alipoongeza nguvu, mitambo yote ikazimika kwa mpigo mmoja, zikabaki taa nyekundu za dharura. Madirishani hakukuwa na cha kuonekana, ila nyota za upande mmoja zilikuwa zimezibwa zote na kitu kisicho na ncha wala ukingo, kinachosogea taratibu kama pazia.

Baada ya muda mlango wa nyuma ukagongwa kutoka nje.

Dobi ndiye aliyekuwa karibu. Alichungulia kwenye kioo kidogo cha mlango. Pale katikati ya mlango wa ndani na wa nje kulikuwa na makopo, maganda ya viazi, na jozi ya soksi alizozitupa juzi tu kwa kuwa visigino vilitoboka. Sasa visigino vilikuwa vizima. Hapakuwa na kiraka wala mshono.

Spika zikakwaruza. Sauti iliyotoka ilikuwa imeungwa kwa vipande: neno moja la nahodha, jingine la rubani, jingine la mpishi, maneno waliyowahi kuyasema wenyewe kwenye redio.

"Mlidondosha hivi," ikasema.

Nahodha alikuja mbio, akashika kipaza sauti. Alikuwa mtu wa maneno machache na siku zote alijua la kusema.

"Hatukudondosha. Tulitupa. Hatuvitaki. Tuachie twende."

"Msichokitaka nitakiacha. Nauliza kila kimoja, mwenyewe aseme. Nikimaliza mtakwenda."

Ikawa hivyo. Mlango unagongwa, kitu kinaletwa, mwenyewe anaitwa. Kikombe cha daktari, kilichovunjika vipande vipande, kilirudi kizima. Viatu vya mpishi vikarudi na soli mpya. Mwanzoni watu walicheka, kicheko cha watu wenye roho mkononi. Kisha fundi msaidizi akaja na habari iliyowakata kicheko: mashine ya hewa inategemea mitambo, na mitambo imekufa. Hewa iliyomo ndiyo hiyo hiyo. Nahodha akajaribu kusema kwamba vyote vilivyobaki havitakiwi. "Vya nani?" sauti ikauliza. "Mwenyewe aseme." Basi wakawa wanakimbilia mlangoni wakipayuka, sikitaki, sikitaki, huku vifua vikianza kubana.

Dobi alikuwa akivikataa vyake kama wengine, taulo chakavu, shati lililoungua pasi, mpaka lilipoletwa pazia alilolitupa mwezi uliopita. Hapo akang'amua. Vitu vilikuwa vinakuja kwa kurudi nyuma, vya juzi kwanza, vya zamani baadaye. Kile kitu kilikuwa kinafuata njia waliyopitia, kikiokota.

Alipogeuka, alimkuta Bi Mkubwa amesimama, uzi bado mdomoni.

"Umeona?" mzee akanong'ona.

"Mama, usiseme."

"Kikombe kimerudi kizima. Soksi zimerudi nzima. Mwanangu naye tulimpitishia hapo hapo."

"Mama, nakuomba."

Lakini spika zikawahi. "Huko nyuma zaidi kuna mtu. Ameharibika. Namtengeneza, namleta. Mngojeeni."

Nahodha akauliza itachukua muda gani. "Kama mliotumia kuja kutoka kwake." Fundi msaidizi akatikisa kichwa, hewa isingefika hata robo. Nahodha akabembeleza: tuachie sasa, utatuletea baadaye huko tuendako. "Mimi naishia hapa," sauti ikajibu. "Mbele ya hapa sifiki." Basi, nahodha akasema, na macho yake yakimkwepa Dobi, basi hatumtaki.

"Wa nani? Mwenyewe aseme."

Mpishi alikuwa ameshalala sakafuni, daktari amemwekea chupa ya mwisho ya hewa. Rubani alikuwa anatapika kwenye kona. Nahodha alimsogelea Dobi. "Dada," akasema, akamnyooshea kipaza sauti.

Bi Mkubwa ndiye aliyeongea. Aliegemea mlango kwa mgongo, midomo imeshabadilika rangi. "Atakayesema mwanangu hatakiwi, aniue kwanza. Nyie wote mna wenu. Mimi nimezaa mmoja. Sasa anarudishwa, halafu mnataka kumfukuza kama mbwa?"

"Mama, tutakufa hapa. Atatukuta maiti."

"Kitatutengeneza! Si kinatengeneza?"

Dobi alitamani sana kuamini hivyo. Alichukua kipaza sauti.

"Sisi tukiharibika, utatutengeneza?"

"Mlio ndani siwafikii. Nachukua kinachotoka tu."

Akapiga moyo konde, akauliza lile alilokuwa analiogopa. "Huyo mtu. Atakuwa yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Mikono imeshapona. Kifua bado."

Akaketi palepale juu ya rundo la nguo chafu. Mikono. Aliijua mikono ile, makovu yake ya spana na kucha zake zisizotakata hata kwa sabuni ya mawe. Alimwona mumewe huko gizani, ameungwa nusu, anavutwa kuja nyumbani. Anyamaze tu, angemwona uso wake. Au pengine asingemwona, angekuwa amelala hapa na watu wote hawa, na mumewe agonge mlango ambao hakuna wa kuufungua. Mzee alikuwa anateleza mlangoni polepole, hawezi tena kusimama, lakini kidole chake bado kinamtisha mkwewe.

"Thubutu," alisema Bi Mkubwa. "Thubutu uone."

Dobi akajikaza kisabuni. "Usimlete," akasema.

"Humtaki?"

"Namtaka."

"Mlimdondosha?"

"Hapana."

"Mlimtupa?"

"Hapana! Hatukumtupa!" Alipiga kelele mpaka spika zikalia.

"Basi sielewi. Namleta."

"Sikiliza." Pumzi ilikuwa inamkatika, akawa anazitoa sentensi vipande vipande, kama sauti ile yenyewe. "Tulimzika. Hulijui neno hilo. Ni pale mtu anapoharibika, na sisi hatuwezi kumtengeneza. Tunamfunga vizuri. Tunamwachia. Kwa mikono yote miwili. Na bado tunamtaka, kila siku tunamtaka, lakini tunamwachia. Ukimleta, utawaharibu hawa wote. Mwache pale tulipomweka."

Daktari alisema baadaye kwamba hapo alidhani Dobi ameshakata roho na kipaza sauti kimebaki wazi.

"Mikono nimeshaitengeneza," sauti ikasema. "Niiharibu tena?"

Dobi alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Hapana. Iache hivyo. Mfunike tu."

"Nitamfunika."

Nyota zikatokea upande ule uliozibwa, chache, kisha zote. Mitambo ikaguna, ikashika, na hewa ikaanza kuvuma kwenye matundu ya dari. Watu walikumbatiana. Bi Mkubwa alipopata nguvu za kuinua mkono alimpiga mkwewe kifuani, akampiga tena, na Dobi hakukwepa hata ngumi moja.

Safari iliyobaki ilikuwa mbaya kuliko msiba wenyewe. Mzee alihamisha cherehani yake akaipeleka stoo ya jikoni, wala hakumsemesha. Mabaharia walimheshimu Dobi mpaka akachoka. Hakuna aliyethubutu tena kumtania. Nguo chafu waliziacha mlangoni na kuondoka kwa kunyata. Mara nyingi, akiwa peke yake, alibonyeza kipaza sauti akauliza, "Upo?" Spika zilikwaruza tu.

Walipotua, wakubwa walimhoji sana juu ya kile kitu: ukubwa wake, nguvu zake, kinatoka wapi. Aliwajibu kwamba kilikuwa kinasikiliza, zaidi ya hapo hajui. Aliacha kazi ya anga. Alipanga vyumba viwili nyuma ya barabara ya mafundi cherehani, akafungua sehemu ya kufulia, na kwa kuwa Bi Mkubwa hakuwa na pa kwenda, naye akaja, shingo upande, na sanduku lake.

Ilichukua muda mrefu mzee kufungua mdomo, na alipoufungua ilikuwa kumtukana. Muuaji. Mchawi. Mwanamke asiye na haya. Dobi alimwacha aseme. Mzee alipopooza mkono, Dobi ndiye aliyemlisha kwa kijiko na kumwogesha, na matusi yaliendelea, ingawa majirani waligundua kwamba mzee akikosa kumwona mkwewe kwa muda huwa anamwita kwa sauti ya kuogopa. Mteja mmoja aliwahi kumuuliza Dobi anavumiliaje kutukanwa kila siku na mtu anayemtunza.

"Ana haki yake," alisema Dobi, na akaendelea kusuuza.