Mwimbaji wa Solo

Mpaka leo mtu akitamka neno "solo" mbele yangu, damu inanichemka.

Nilikuwa mwimbaji wa bendi ya dansi hapa Dodoma. Tulipiga kwenye ukumbi uliojaa wafanyakazi wa serikali na wanafunzi wa chuo. Kwenye bendi zetu mpiga gita la solo huitwa Solo, wa besi huitwa Besi, na nadhani hata wakifa watazikwa hivyo hivyo. Mimi niliitwa "sista". Nyimbo nilitunga mimi, lakini wateja walipopagawa walipiga kelele, "Solo! Solo!" na kwenda kumtunza yeye.

Aliyenifungua macho ni Mwitaliano mmoja aliyekuwa akichimba visima kwetu Mlali. Jumamosi moja alinisikilizisha kwenye gari lake mwimbaji wa roki wa kwao, sauti inakwaruza kama ya mtu aliyemeza mchanga. Akasema huyu aliiacha bendi yake, na hii ndiyo albamu yake ya kwanza ya solo. Nikamwuliza, "Mbona hilo solo silisikii? Gita liko chini kabisa." Akacheka hadi akaegemea usukani. Kumbe kwao solo maana yake peke yako. Peke yako! Neno hilo halikunitoka tena.

Nikaacha bendi. Nilirekodi kwenye studio ndogo Ihumwa, tukisitisha kurekodi kila treni ilipopita. Nyimbo zangu, sauti yangu, zeze na ngoma. Gita halikuguswa. Nilitaka kitu kimoja tu: mama yangu, asiyesafiri nje ya Mlali, asikie redioni kwamba anayeimba ni mwanawe. Miaka yote alijisifu kwa majirani, nao wakamcheka, "Anaimba wapi huyo, mbona hatumsikii?"

Basi nikaipeleka redioni, na hapo ndipo kiherehere changu cha Kiitaliano kiliponiponza. Nikamwambia mtangazaji, tena kwa maringo, "Kaka, hii ni albamu ya solo."

Loo! Kesho yake niko sokoni nachagua mlenda, nasikia: "Wasikilizaji, Solo wetu ametoa albamu!" Kisha ikaja sauti yangu. Yangu mimi! Mtangazaji ningemsamehe, alikuwa mteja wetu ukumbini, na kichwani mwake Solo alikuwa mmoja tu. Lakini Solo mwenyewe je? Alipigiwa simu hewani, mwanaume mzima na ndevu zake, akajibu, "Tunamshukuru Mungu. Na yule sista kanisaidia vizuri kuimba." Kanisaidia! Mtu ambaye hata mlango wa ile studio haujui!

Nikampigia mtangazaji, nikafoka mpaka muuza nyanya akaniomba nitulie. Akaniomba radhi, akaenda kurekebisha hewani: "Samahani wasikilizaji, albamu ile ni ya mwimbaji wa Solo." Jamani! Kutoka msaidizi, sasa nimekuwa mali ya mtu.

Simu ikaita. Alikuwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekusikia redioni. Sauti nimeijua kabla hawajasema lolote." Kisha akauliza, "Sasa huyo Solo ndiye amekuoa? Mbona ng'ombe hatujawaona?"

Nilitaka kulia, hasira ikanizuia. Nikapanda bodaboda hadi redioni. Walikuwa wamemwalika Solo, kavaa suti, anaeleza jinsi nyimbo zilivyomjia akiwa amelala. Akiwa amelala! Mlinzi alijaribu kunizuia, nikampita. Nikavuta kiti, nikaisogeza maikrofoni kwangu.

"Solo," nikasema, "mama yangu yuko Mlali anakusikiliza. Anauliza, ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani tena, sista?"

"Wa sauti hii. Imezaliwa kwake, imelelewa kwake, wewe umeibeba bila kupeleka hata kuku. Kwetu huyo anaitwa nani?"

Mtangazaji akainamia mashine zake kama anatafuta kitu kilichopotea.

"Basi chukua gita," nikamwambia, "utupigie hilo solo lako kwenye wimbo wowote wa albamu ile. Wimbo wowote, utakaoupenda wewe."

Akatazama mlango. Sikumsubiri. Niliinama hadi midomo ikagusa maikrofoni.

"Mama, sijaolewa," nikasema. "Huyo uliyemsikia ni mimi, peke yangu."