Kabla ya Kumbeba Mtoto wa Dada Yangu

Niliporudi nyumbani kwetu mtaani Mbotela kwa likizo, dada yangu alikuwa amejifungua mwezi uliotangulia. Nilinyoosha mikono nimbebe mtoto, mama akaingilia kati.

"Ngoja kwanza," akasema. "Si wewe unafanya kazi na ile mionzi?"

Sikukasirika. Kazi yangu huko ng'ambo ni usalama kwenye mtambo mkubwa unaotoa eksirei kali sana, mionzi ya aina ile ile madaktari wanayotumia kupiga picha za mapafu. Nilimweleza mama kwamba mionzi hiyo haishiki nguoni kama moshi wa jiko. Ikifungwa, inaisha papo hapo. Ikifunguliwa, sisi huwa nje ya chumba inamomulika, nyuma ya kuta zilizojazwa madini ya risasi.

"Na mtu akisahaulika ndani?" dada akauliza.

Hilo ndilo swali ninalolipenda. Nikamwambia kwamba kila mara kabla ya kuifungua, mmoja wetu huingia, akazunguka chumba chote, akabonyeza kitufe kilicho kwenye kona ya mwisho, ndipo mlango hufungwa. Asipokibonyeza, mionzi haifunguki hata ufanye nini. Mara nyingi anayezunguka ni mimi.

Mama akadakia, "Kwa hivyo wewe ndiye unahakikisha hakuna mtu ndani."

"Ndiyo, mama."

"Basi kanawe mikono. Umetoka safarini."

Nikanawa. Dada akanikabidhi mtoto, naye akalala kifuani pangu hadi chai ikaiva.