Siku Walipofagia Daraja

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani enzi za Mwingereza, huwajibu kwamba nilikuwa karani wa barabara, nao hutikisa kichwa kwa heshima. Siwaambii kwamba nilikuwa nakaa juu ya gogo, kando ya barabara ya vumbi kati ya Korogwe na Handeni, nikichora vijiti kwenye karatasi. Lori likipita, kijiti. Likipita jingine, kijiti. Cha tano nakilaza juu ya vile vinne, kisha naanza upya. Miaka yangu yote ya shule iliishia hapo, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Kilichotupeleka huko ni daraja. Lilikuwa la mbao, upana wake lori moja tu, na upande wa Handeni barabara ililifikia kwa kona kali iliyoficha kila kitu. Lori la mkonge likiingia kutoka huku, na la mahindi ya Kwaluguru kutoka kule, yalikutana katikati. Madereva walizima injini wakaanza kubishana nani arudi nyuma, na nyuma yao mengine yakazidi kujipanga. Wakati wa mavuno nimeona foleni ikikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, utingo wakikoka moto na kupika uji pembeni. Foleni ikifunguka, kila dereva alitaka kufidia muda aliopoteza, akalivamia daraja bila kutazama mbele.

Na juu ya daraja hilohilo walipita watu. Kijiji kilikuwa upande wa Korogwe, mashamba upande wa pili. Asubuhi wanawake walivuka na majembe, mchana wakarudi na kuni na mihogo kichwani. Lori likija, ulijibana kwenye ukingo ukaomba Mungu. Jirani yetu mmoja alisukumwa akaanguka mtoni pamoja na baiskeli yake. Alipona, lakini mkono wake haukunyooka tena. Nasema jirani yetu kwa sababu kijijini hapo ndipo nilipozaliwa, na mmoja wa wanawake wale alikuwa mama yangu.

Mzungu niliyemfanyia kazi alikuwa mhandisi, bado kijana, pua imebabuka kwa jua, na Kiswahili chake cha kitabuni kilinyooka kuliko changu. Alikuwa akiichunguza barabara yote ile kona kwa kona, apate njia ya kupunguza foleni na ajali. Nilimweleza habari za daraja. Mama sikumtaja, nilichelea asije akadhani naomba upendeleo.

"Karani," akaniambia, "serikali haitoi mbao kwa sababu ya masimulizi. Tutahesabu siku mbili. Tukiona watu wengi wanapita kwa miguu, nitaomba ijengwe njia yao pembeni mwa daraja, yenye ukingo wake, gari lisiwafikie."

Akachukua karatasi yangu, na baada ya safu za malori, mabasi, motokaa na baiskeli akapiga mstari kwa mkono wake akaongeza safu moja: waendao kwa miguu. Nilifurahi mno. Nilimwona mama akivuka kwenye njia yake mwenyewe, bila kugeuka nyuma.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu, simsingizii mtu. Nilimpa tarishi barua ampelekee jumbe wetu, mkuu wa kijiji: Bwana wa barabara atakuja Jumatano na Alhamisi kuhesabu darajani. Haikuwa na haja barua ile. Niliiandika kwa majivuno, kijiji kijue ni nani anakuja na ni nani atakaa ubavuni mwake.

Mtoto wa pale alipaswa kujua barua kama ile inafanya kazi gani. Kwetu, Mzungu wa serikali akitarajiwa, barabara ilifagiwa. Majani yalifyekwa, mbuzi walifungwa, na watu walijiweka mbali na njia mpaka mgeni apite. Jumbe aliyetangulia alikuwa amesimamishwa juani bomani kutwa nzima kwa sababu ya mbuzi watatu waliolala mbele ya gari, na habari hiyo haikusahaulika. Mimi nilikulia katika kufagia huko. Nilishika ufagio tangu sijaota meno ya pili, na bado sikukumbuka.

Jumatano tulifika kumekucha tu. Mbao za daraja zilikuwa zimefagiwa na kunyunyiziwa maji. Jumbe alisimama mwisho wa daraja na kanzu yake nyeupe, na nyuma yake hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Mahali pasafi," Mzungu akasema, akafungua kiti chake.

Tukakaa. Malori yakapita, nikachora. Basi la Handeni likapita, nikachora. Safu ya waendao kwa miguu ikakaa tupu mpaka jua likatuelea utosini. Nikaanza kuona haya, maana mimi ndiye niliyesema watu ni wengi.

Kisha nikasikia maji yakichachafika chini. Mbali kidogo na daraja, mahali ambapo mto unatanda, wanawake walikuwa wanavuka kwa mstari, kanga wamezikunja juu ya magoti, mizigo kichwani. Wa tatu alikuwa mama, na kikapu cha mihogo. Aliponiona alisimama katikati ya maji, akanipungia mkono kidogo, kwa haya, kisha akaendelea.

"Bwana," nikasema, "watu ndio wale. Kila siku wanapita hapa juu. Leo wametupisha."

Alisimama akawatazama. Hakuwa mtu mbaya. "Nikiwaandika walio mtoni," akasema, "nitaulizwa kwa nini nisiwaandike walio porini. Karatasi hii ni ya daraja."

Mchana nilimfuata jumbe. "Shikamoo, mzee. Tafadhali waache watu wapite darajani."

"Marahaba. Wapite na miguu ya matope, Mzungu akiwa ameketi pale? Heshima si utumwa, mwanangu. Mwenyewe umetuandikia anakuja, nasi tumempisha."

"Anataka kuwaona, mzee. Ndiyo kazi iliyomleta. Asipowaona, hatujengi kitu."

Alinitazama kama aliyetukanwa, akasema maneno mawili matatu ya Kizigua kuhusu watoto waliosoma. Halafu akatulia. "Ungesema tangu mwanzo. Kesho atawaona."

Alhamisi akawaona. Kijiji kizima kilikuja. Walikuja na nguo za Idi, wengine mikono mitupu, wengine wamejitwika vikapu ambavyo nilijua havina kitu. Mwalimu wa chuo cha Kurani alileta wanafunzi wake wawili wawili. Mzee mmoja mwenye bakora alivuka akatuamkia, akaenda mpaka kwenye kona, akarudi akatuamkia tena, na aliporudi mara ya nne Mzungu ndiye aliyemwahi kumsalimu. Malori yalikwama pande zote mbili. Ilikuwa foleni ambayo daraja lile halijapata kuiona, na madereva wakipiga honi huku jumbe akiwaonyesha kwa fimbo wasubiri, serikali inahesabu.

Nilichora vijiti huku jasho likinitoka. Niliwafahamu wote kwa majina na kwa nyumba zao, na nilijua nani anapita mara ya ngapi. Mama alipita mara moja tu, jembe begani, akaenda zake shambani. Katika umati wote ule, nadhani yeye peke yake alikuwa na safari.

Mzungu alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaacha kucheka. Akachukua karatasi mapajani mwangu, akaikata safu nzima kwa mstari mmoja mrefu.

"Jana hakuna mtu. Leo ni mchezo. Niandike nini, karani?"

Nikamweleza yote: ufagio, jumbe wa zamani na mbuzi wake, barua yangu. Safari hii nikamtaja na mama, nikamwambia ni yupi kati ya wale wa mtoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini," akasema. "Lakini atakayeisoma karatasi hii hajakutana nawe." Akaahidi tutarudi mwaka unaofuata, bila barua. Kabla ya mwaka huo alikwisha hamishwa, sikuambiwa wapi.

Majibu ya hesabu yetu ya malori yalikuja na tingatinga. Kona ikanyooshwa, ili madereva waonane tangu mbali na mmoja amsubiri mwenzake. Sitasema uongo, foleni ikaisha. Utingo hawakupika tena uji pale. Madereva wa mkonge walinipongeza njiani, wakidhani ni kazi ya kalamu yangu. Daraja lilibaki na upana wake uleule, na malori, yakiwa yameona njia ni nyeupe, yakaanza kuliingia kwa kasi ambayo kona ilikuwa inayanyima.

Masika yaliyofuata mto ulijaa, hakuna aliyeweza kuvuka kwa chini. Mama alikuwa anarudi na mzigo wa kuni. Alilisikia lori, akajibana ukingoni kama alivyozoea, lakini kuni zilikuwa ndefu. Ubavu wa lori uliziparaza zikamzungusha, akaangukia nyonga. Dereva alisimama, akambeba mwenyewe mpaka kwenye gari, na nilipomkuta dereva huyo hospitalini Korogwe alikuwa analia. Nilitafuta kosa la kumtwisha, nisilipate.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakuvuka tena daraja. Shamba lilirudi kuwa pori. Alikaa mlangoni, mguu mmoja ameunyoosha, akipukuchua mahindi waliyolima wengine. Nilikuwa na mshahara, nilikuwa na kalamu mbili mfukoni, na hakuna nilichoweza kumfanyia isipokuwa kumsogezea mkeka kuufuata uvuli.

Wageni walipokuja alipenda kuniuliza mbele yao, kila mara kwa maneno yaleyale.

"Siku ile ya Jumatano nilipita mtoni, nisikuchafulie kazi. Uliniona?"

"Nilikuona, mama."

"Ukaniandika?"

Mara ya kwanza nilikawia kujibu. Baadaye nikazoea.

"Nilikuandika, mama."

Naye aliwageukia wageni akawaambia kwamba wamwonavyo hivyo, hawezi hata kufika kisimani, lakini yumo kwenye karatasi za serikali, na aliyemwandika ni mwanawe mwenyewe.