Kikwapa cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Watu wanamwita Sindano, kwa wembamba wake, si kwa kazi. Mimi nauza nyuzi na vifungo mlangoni pake, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko mkewe. Shule niliishia darasa la saba, yeye hata hilo hakulimaliza. Lakini ndiye mwenye makala kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, na makala hiyo nusura imtoe roho.

Kamusi elezo yenyewe, alivyonieleza, ilianza na watu wasiojaa benchi moja. Haina bosi. Yeyote anaandika, yeyote anasahihisha, na maneno ya zamani yanabaki kwenye historia ya ukurasa, kama alama za mshono uliofumuliwa. Wanaoisimamia wanaitwa wakabidhi. Wanachaguliwa na wenzao, na hawalipwi.

"Ndiyo maana wakali," nikasema.

Miezi mizima Sindano alikuwa akisahihisha herufi za watu huku anasubiri pasi ipate moto. Kisha akaandika makala yake ya kwanza: Kikwapa. Ni kile kipande kidogo cha mraba kinachoshonwa chini ya mkono wa vazi, ili ukiinua mkono nguo isichanike. Aliiandika wiki mbili, na picha akachora mwenyewe.

Kesho yake juu ya ukurasa pakawa na kibandiko chekundu: imependekezwa ifutwe, majadiliano siku saba. Mtu anayejiita Mpitanjia alikuwa ameandika: "Kikwapa ni harufu ya jasho. Huu ni utani."

Mdogo wangu akatupa mkasi mezani. "Dada, huyu ananiambia nanuka!"

"Hajasema unanuka. Amesema makala ndiyo inanuka."

Akaanza kuchapa matusi, nikampokonya simu. Hapo ndipo nikaona alichoweka mwisho wa makala: "Chanzo: mimi mwenyewe, fundi wa miaka ishirini na sita."

Nilicheka mpaka vifungo vikamwagika.

Mkabidhi mmoja, mwenye adabu kunizidi, akamwandikia kwamba ufundi wake hakuna anayeutilia shaka, ila kamusi elezo haichukui neno la mtu. Inachukua kilichochapishwa, chenye jina la kitabu na namba ya ukurasa. Asipoleta, siku ya saba makala inaondoka.

"Iondoke! Mimi nina suruali za kushona." Akazishona kweli, moja ikatoka mguu mmoja mfupi, mwingine mrefu. Nimembeba mgongoni huyu, najua akiumia.

Siku ya tano nikakumbuka kitabu changu cha ushonaji cha shuleni. Nilimpa alipoanza ufundi. Nikaenda kwao mbio.

"Wifi, kile kitabu changu kiko wapi?"

"Kipo kazini."

"Kazini wapi?"

"Chini ya mguu wa kabati. Na ukikitoa, wifi, vyombo vyangu utavilipa."

Nikakivuta. Vikombe vikagongana, wifi akaliegemea kabati kwa mgongo huku ananitaja kwa majina nisiyoyaandika hapa. Jalada lilikuwa na shimo la mguu wa kabati, lakini jina linasomeka. Ukurasa wa thelathini na nne: "Kata vikwapa viwili vya mraba." Pembeni, kwa mwandiko wangu wa utoto: "Mwalimu ananuka kikwapa."

Tulipoupiga picha ule ukurasa, maneno hayo niliyafunika kwa kidole gumba.

Sindano akaweka chanzo kipya. Siku ya sita Mpitanjia akajibu: "Samahani, fundi. Nimetazama shati la marehemu babu, kweli kipo. Naondoa pendekezo." Mkabidhi akafunga majadiliano kwa neno moja: Ibaki. Juu kabisa ya makala akaongeza mstari: "Kwa maana ya harufu, tazama Jasho." Mdogo wangu akaisoma kwa sauti barabara nzima isikie, na mwenye suruali akashonewa upya bure.

Wiki iliyopita nikamkuta amekunja uso juu ya simu.

"Nani tena kakuudhi?"

"Kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kaandika makala ya ndevu. Unajua chanzo chake kaweka nini? Mimi mwenyewe!"

"Sasa umemfanyaje?"

"Nimembandikia siku saba, Dada. Na nimemwambia aangalie chini ya kabati lake."