Mdaiwa Hakuitika

Tamthilia ile ilirushwa kila jioni baada ya taarifa ya habari, na mtu mmoja ndiye aliyeitafsiri kwa Kiswahili, sauti zote peke yake: jaji, mjane, mtoto mdogo na hata mlinzi wa getini. Ilimhusu wakili aliyeshindwa kesi ya mtu asiye na hatia. Kila akianguka kwenye ngazi za mahakama, anazinduka asubuhi ya siku ileile ya kesi, chai yake bado inafuka moshi mezani. Mimi niliiona ya kipuuzi. Niliitazama kwa sababu mama alikuwa kwangu Korogwe, na rimoti ilikuwa mapajani mwake.

Mama hakuja kutembea. Alitoka Misima akiwa ameshindwa kesi bila kufungua mdomo. Jirani yake alidai kwamba mpaka wa mikonge ulisogezwa zamani, na kwamba kipande cha bondeni, kile kinachotoa mahindi hata mvua ikigoma, ni cha ukoo wake. Bila bonde lile mama angebaki na kilima cha mawe na mbuzi watatu. Shauri likafika baraza la ardhi. Mama aliwahi, amejifunga kanga mpya, akakaa kwenye benchi la nje. Karani akatoka, akataja namba ya shauri, ambayo mama hakuishika, akauliza mdai yuko wapi. Watu walikuwa wengi pale nje, na mama hakuona nani aliyeingia. Karani akauliza mdaiwa yuko wapi. Akarudia kwa sauti ya juu zaidi. Mama akatulia tuli.

Barazani mdaiwa ni yeyote aliyeshtakiwa; kwetu ni mtu aliyekopa akashindwa kulipa. Mama ni mwanamke ambaye ukimwazima chekeche, analirudisha na unga kidogo ndani, kwa sababu kurudisha chombo cha watu kitupu ni aibu. Alitazama huku na huku kumtafuta huyo mwenye madeni, akamhurumia, akaendelea kungoja aitwe yeye mpaka benchi likabaki tupu. Ndani walikwishaamua shauri lisikilizwe upande mmoja. Hukumu ilipotoka, bonde lilikuwa la jirani.

Aliponisimulia nilicheka kwanza, halafu nikakasirika. Hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi. Karani aliita kama anavyoita kila siku, na mama alisikia vizuri kabisa. Neno moja tu lilikuwa limevaa nguo mbili.

Basi tukawa tunaangalia wakili wa kwenye runinga akirudi na kurudi. Mama alikuwa na namna yake ya kutazama. Jaji akipandisha sauti alimwambia apunguze, na shahidi wa uongo akitokea aligeuza uso ukutani. Jioni moja aliniuliza ni nani hasa anayemrudisha yule wakili nyuma. Nikamwambia hakuna, ni mambo ya watunzi.

"Aliomba?"

"Hapana, mama. Alianguka tu."

Akatikisa kichwa. "Basi ni uongo. Hakuna anayerudishwa bila kwenda mahali akaomba."

Nina kiduka cha kutoa kopi karibu na stendi. Kesho yake alikuja mteja wangu mmoja, wakili mwanamke kutoka Vugiri, nami nikamsimulia habari ile kama kichekesho cha asubuhi. Hakucheka. Aliuliza hukumu ilitoka lini, kisha akasema kwamba tukiwahi tunaweza kuliomba baraza lilelile liifute na kusikiliza upya, mradi mama awe na sababu ya maana ya kutoonekana ndani siku ile. Nilishauri tuseme aliugua. Malaria haijawahi kumshangaza mtu huku kwetu. Mama, aliyekuwa ameniletea chai dukani, akakataa palepale.

"Nilikuwa mzima. Nilikaa pale pale nje, watu waliniona."

Tukapeleka ombi lenye sababu ya kweli, na mimi niliogopa kwelikweli. Ukweli wenyewe ulisikika wa ajabu kuliko tamthilia. Sikuona mwenyekiti wa baraza atakayempa mtu bonde zima kwa sababu ya neno.

Siku ya kusikilizwa tulikaa kwenye benchi lile lile, mama na kanga ile ile. Wakili wetu alikuwa ndani tayari. Nilikumbuka kwa kuchelewa kwamba hatukumuuliza safari hii mama ataitwaje, na kabla sijainuka karani akatokea mlangoni.

"Mwombaji."

Kwetu mwombaji ni yule anayekaa nje ya msikiti siku ya Ijumaa na kibakuli chake, na mama huwa hampiti bila kumpa kitu. Hajawahi kumwomba mtu hata chumvi. Nilimgeukia nimwambie, nikakuta amekwishasimama, anakaza kanga kiunoni.

"Mwombaji ni mimi," alisema, akaingia.

Nilimfuata, nikasimama nyuma. Aliwaamkia wote, hata waliokuwa wadogo kwake. Mwenyekiti, kijana kiasi, akamuuliza taratibu kwa nini mara ya kwanza aliitwa akakaa kimya.

"Niliitwa mdaiwa, baba, nami sidaiwi na mtu. Leo mmeniita mwombaji. Nimeitika."

Mmoja wa wazee wa baraza aliinamisha kichwa akificha mdomo. Mwenyekiti aliuliza maswali machache, akamsikiliza na wakili wa jirani, ambaye alisema kutojua maana ya neno si sababu. Kisha akaandika kwa muda, akasoma kwamba hukumu ya upande mmoja imeondolewa na shauri lianze upya. Lugha yake ilikuwa ndefu, na mama hakuielewa. Alinivuta mkono.

"Tumerudishwa?"

"Ndiyo, mama. Tumerudishwa."

Akauliza kama sasa ataanza kuitwa mdaiwa tena. Nikamwambia ndiyo. Akafikiri kidogo, akasema basi ataitika.