Saluti ya Kipa

Fundi viatu wa hapo Mji wa Kale alikuwa kipa wa timu ya jeshi, na historia ya timu hiyo huisimulia kwa nyundo: kila kombe walilotwaa, msumari mmoja. Akifika kwenye fainali waliyofungwa bao moja bila, nyundo hutulia, akakohoa, akasema, "Jua lilinipiga machoni." Heshima yake yote imeegemea jua hilo. Jirani yake, Bi Mwanabaraka muuza mahamri, siku ile alikuwako uwanjani, naye akumbuka mawingu matupu. Lakini mtu mzima havuliwi nguo; yeye humwongezea chai tu na kumuuliza, "Jua la upande gani, bwana fundi?"

Jumanne alikuja mzee mmoja na ndara iliyokatika, kumbe ndiye kanali aliyekuwa mkuu wa timu. Fundi alisimama wima akapiga saluti, na kiatu cha watu kikamponyoka, kikapita baina ya miguu yake hadi mtaroni.

"Ehe," akasema Bi Mwanabaraka, akiweka upawa chini. "Vivyo hivyo ndivyo mpira ulivyopita."

Fundi hakukana. Mkono ungali kwenye paji la uso, akasema, "Afande alikuwa apita nyuma ya goli, nikamgeukia. Kanali hupita bila saluti?"

Mzee alimnyooshea ndara yake. "Mimi siku ile nilikuwa natafuta choo."

"Sawa, afande," akasema fundi. "Sasa niushushe mkono?"