Kufuli Langu na Baba Mkwe

Leo nimempigia goti baba mkwe, nikamwamkia shikamoo, na ufunguo nikamnyima.

Tuko kwenye mtambo wa kumenya kahawa, Mkumbi. Bomba kubwa la maji ya mtambo, linaloshuka kutoka mlimani, limepasuka na fundi ni mimi. Kabla ya kazi nilifunga koki kuu, nikaipiga kufuli, ufunguo mfukoni. Ndivyo ninavyofanya siku zote.

Wakulima wamejaa, kahawa mbichi inaanza kuchacha. Baba mkwe ndiye mwenyekiti wao. Akaja mbele ya watu wote.

"Mkwe wangu, kufuli la nini? Hapa kuna wezi?"

Nikamjibu, "Si la wezi, baba. Ni la mwenye haraka."

Wenye wakwe mtanielewa. Nikajua nyumbani leo nina kesi. Ufunguo bado sikutoa.

Baba mkwe akaagiza msumeno wa chuma, kufuli likatwe.

Msumeno ukafika. Ndipo sauti ikatoka chini, ndani ya shimo la bomba: "Shikamoo, mzee."

Ni Kastori, fundi mwenzangu. Mkono wake ulikuwa ndani ya bomba mpaka begani.

Baba mkwe akachungulia. Akaitikia marahaba, polepole sana. Kisha akarudisha msumeno, akaenda kutoa kufuli la baiskeli yake, akalifunga kando ya langu.

Sasa hivi kazi imeisha. Langu nimeshafungua. La kwake anakataa. Wakulima wanalalamika, naye amesimama mbele ya koki anasema, "Kastori aje kwanza, nimwone mikono yote miwili."